Ubongo wa mama umesinyaa kwenye picha: unaweza kurudi ulivyokuwa?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mama yangu ana miaka 73, ni mwalimu mstaafu, tunaishi naye Temeke. Huu ni mwaka wa pili anauliza jambo lilelile mara tano kwa asubuhi moja, na mwezi uliopita alitoka sokoni akapotea njia ya nyumbani. Lakini wanafunzi wake wa enzi za UPE anawataja kwa majina mpaka ya baba zao. Ana kisukari na presha. Anatumia metformini miaka mingi sasa, amlodipini, na usiku amitriptilini kwa sababu miguu inamwaka moto. Tulimpeleka MRI, ripoti inasema ubongo umesinyaa, zaidi sehemu za ndani usawa wa masikio, pande zote mbili. Kaka yangu anasema ni uzee tu. Shangazi anasema kuna mkono wa mtu. Binamu aliye Muscat ametuma vidonge vya ginkgo vya kurudisha ubongo. Je, kusinyaa huku ndiyo Alzheimer? Na ubongo ukishasinyaa unaweza kurudi?

JIBU: Marahaba, dada. Nianze na swali la mwisho, maana nahisi ndilo linalokunyima usingizi. Seli za ubongo zilizokwisha kufa hazirudi, na hakuna kidonge, sindano wala chai ya majani inayozirudisha. Hata hivyo usione kwamba hukumu imeshatolewa. Kusinyaa kunakoonekana kwenye picha ni sehemu moja tu ya habari, na mara nyingi siyo inayoamua mama atakuwaje mwakani. Tena kwenye barua yako kuna mambo mawili yaliyonishtua kuliko hiyo MRI, na yote mawili yamo kwenye mfuko wake wa dawa. Nitayafikia.

Kaka yako hajakosea kabisa. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.3 hadi 1.4 hivi, na umri unavyosogea hupungua kidogo kidogo. Kwa mzee mwenye afya ubongo wote hupungua kama nusu asilimia kwa mwaka. Kwa mwenye ugonjwa wa Alzheimer hukaribia asilimia 2. Tofauti huonekana zaidi kwenye hipokampasi, kijisehemu kilichojikunja ndani kabisa usawa wa sikio, kimoja kila upande, ambacho hulipokea jambo jipya na kulishikilia mpaka liwe kumbukumbu. Kwa wazee wasio na ugonjwa hipokampasi hupungua kama asilimia 1 hadi 2 kwa mwaka. Kwa wenye Alzheimer ni asilimia 4 hadi 5. Kinachotofautisha uzee na ugonjwa, basi, ni kasi, na picha moja haioneshi kasi. Inaonesha ubongo ulipofika siku ile, haisemi ulianzia wapi.

Msomaji makini wa MRI haishii kuandika "umesinyaa". Huchukua kile kipande cha picha kinachokata kichwa wima kutoka sikio hadi sikio, akatazama vitu vitatu: upenyo unaozunguka hipokampasi umepanuka kiasi gani, pembe ya maji iliyo jirani yake imetanuka kiasi gani, na hipokampasi yenyewe imebaki na kimo gani. Kisha hutoa alama kuanzia 0 hadi 4 kwa kila upande. Utaratibu huu ulitolewa na Philip Scheltens na wenzake huko Uholanzi mwaka 1992, na mpaka leo unatumika kwa sababu hauhitaji mtambo wowote zaidi ya jicho lililozoea. Kwa mtu ambaye hajafika miaka 75, alama 2 kwenda juu si ya kawaida. Kwa aliyevuka hapo, 2 tunaivumilia, tunashtuka kwenye 3. Rudi kwa waliosoma picha uwaulize mama alipata ngapi kulia na ngapi kushoto. Waulize pia kama waliona madoadoa meupe ya mishipa midogo ya damu iliyoziba, kwa sababu mtu mwenye presha na kisukari mara nyingi huwa nayo, na hayo nayo hula akili. Wazee wengi ninaowaona wana vyote viwili kwa pamoja, na ule upande wa mishipa ndio tunaoweza kuuzuia vizuri zaidi.

Sasa, hata alama 3 haitoshi kumwandika mtu kuwa ana Alzheimer. Hipokampasi husinyaa pia kwa kifafa cha muda mrefu, kwa ubongo uliowahi kukosa hewa, na kwa magonjwa mengine ya uzeeni. Kusahau kwa miaka miwili, kunakoongezeka, kukianza na mambo mapya, pamoja na kupotea njia anayoijua, pamoja na picha ya namna hiyo: hapo ndipo ninaposema kwamba Alzheimer ina uwezekano mkubwa. Nimesema uwezekano, na sibabaiki kuliacha hivyo mpaka vipimo vingine virudi.

Nikueleze kwa nini siuamini sana ukubwa wa ubongo. Mwaka 1906 daktari wa Kijerumani, Alois Alzheimer, aliuchunguza ubongo wa mwanamke wa Frankfurt, Auguste Deter, aliyefariki akiwa na miaka 55 baada ya miaka kadhaa ya kupoteza kumbukumbu. Aliukuta umesinyaa, na kwenye darubini akaona mabonge nje ya seli na nyuzi zilizosokotana ndani yake. Leo tunajua kwamba mabonge ni protini ya amiloidi na nyuzi ni protini nyingine, tau. Baada yake watafiti walibishana miaka mingi ni kipi hasa kinachomsahaulisha mtu. Mwaka 1991 Robert Terry na wenzake huko California wakahesabu kitu kingine kabisa: maungio ambako seli moja inaipa nyingine ujumbe, yaani sinapsi. Wakakuta kwamba upungufu wa sinapsi ndio uliokwenda sambamba zaidi na hali ya akili ya mgonjwa alipokuwa hai, kuliko mabonge na kuliko nyuzi.

Seli moja ya ubongo inaweza kuwa na maelfu ya sinapsi, na mkia wake wa kupelekea ujumbe huweza kuwa mrefu mno ukilinganisha na kiwiliwili chake. Mahitaji ya kule mwisho hutengenezwa kwenye kiwiliwili na kusafirishwa kupitia vijia vyembamba ndani ya mkia. Tau ikiwa nzima kazi yake ni kuvishikiza vijia hivyo visilegee. Ikiharibika huachia, hujisokota, usafirishaji unakwama, na kinachonyauka kwanza ni ncha za mbali, huko huko sinapsi ziliko. Seli bado iko hai. MRI ya kawaida haioni kitu. Kusinyaa huonekana baadaye, matawi yakishakauka na seli zenyewe zikishakufa.

Wewe ni mtu wa Temeke, utanielewa: pantoni za Magogoni zikisimama, Kigamboni kule ng'ambo ya maji haijabomoka. Nyumba zipo, watu wapo na ujuzi wao, ila hawafiki mjini. Kwa miaka ya mwanzo ubongo wenye Alzheimer uko hivyo. Na kivuko kinachokufa mwanzo kinajulikana. Heiko na Eva Braak, wanasayansi wa Kijerumani, walionesha mwaka 1991 kwamba kwa kawaida nyuzi za tau huanzia kwenye ukanda mdogo ulio mlangoni mwa hipokampasi, ule unaopitisha habari zote za siku kwenda kuhifadhiwa, kisha husambaa kufuata njia zilezile ambazo seli huzitumia kuwasiliana. Ndiyo maana mama anamkumbuka mwanafunzi wake wa mwaka 1977 na baba yake, lakini hajui kama amekunywa chai. Yule mwanafunzi alishavushwa zamani, amekaa upande wa pili, kwenye gamba la ubongo. Chai ya leo imekwama ng'ambo. Mnapomwambia "mama, si nimekujibu sasa hivi?" mnamdai kitu ambacho hakikumfikia.

Kuna kipimo cha MRI kinachotazama sehemu za ubongo zinavyoitikiana mtu akiwa amelala tu bila kazi yoyote. Kwa wazee wenye afya sehemu za katikati kwa nyuma na hipokampasi hupanda na kushuka pamoja. Mwaka 2004 Michael Greicius na wenzake wa Stanford waliripoti kwamba kwa wagonjwa wa Alzheimer wa hatua za mwanzo uitikianaji huo umedhoofu. Usiende kukitafuta; hakitumiki kumtambulisha mgonjwa mmoja mmoja. Nakitaja uone kwamba habari ya mawasiliano kukatika si nadharia ya vitabuni tu.

Kuna watu ambao pantoni zikisimama wao huzunguka darajani Kurasini. Mwaka 1986 David Snowdon alianza nchini Marekani utafiti ambao hatimaye ulikuwa na watawa 678, wengi wao waliwahi kuwa walimu kama mama, ambao walikubali kupimwa kumbukumbu na kutoa bongo zao zichunguzwe baada ya kufa. Baadhi ya bongo zilikutwa zimejaa mabonge na nyuzi, na wenye nazo walikuwa na akili timamu mpaka mwisho. Elimu, kazi ya kichwa na maisha ya kuchangamana na watu humpa mtu njia za akiba. Lakini jambo hili lina upande wa pili, na sipendi kuuficha: mwalimu hufaulu kuufunika ugonjwa kwa muda mrefu, kwa hiyo siku unapojitokeza huwa umeshaenda mbali, na familia huona kama mtu ameanguka ghafla. Miaka miwili unayoihesabu wewe huenda si miwili. Amiloidi huanza kujikusanya miaka 15 hadi 20 kabla mtu hajasahau chochote cha maana.

Nikuongezee moja ambayo iliwashangaza hata wataalamu. Dawa mpya za kuondoa amiloidi, mfano lecanemab iliyopata idhini kamili Marekani mwaka 2023, zilipunguza kasi ya kuzorota kwa asilimia 27 hivi katika miezi 18. Lakini picha za waliotumia dawa za aina hiyo zilionesha ubongo umepungua ukubwa zaidi kuliko wa wasiotumia. Yaani wanazorota polepole zaidi huku ubongo ukionekana mdogo zaidi. Maelezo yanayokubalika na wengi kwa sasa ni kwamba sehemu ya ujazo uliopotea ni amiloidi yenyewe iliyosafishwa. Kwa mama dawa hizi siziweki mbele. Zinahitaji uthibitisho wa amiloidi, dripu za mara kwa mara, na MRI za kurudiarudia kwa kuhofia ubongo kuvimba au kuvuja damu, na bei yake ilipoanza kuuzwa Marekani ilikuwa dola 26,500 kwa mwaka. Mjomba akitaka kuuza shamba kwa ajili hiyo, mzuie.

Turudi kwenye mfuko wa dawa.

Metformini ni dawa nzuri, na mama asiiache. Ila ikitumika miaka mingi huzuia mwili kufyonza vitamini B12 vizuri. B12 ikipungua mtu husahau, hupepesuka, na miguu huwaka na kufa ganzi. Umeniandikia kwamba miguu inamwaka moto! Inaweza kuwa kisukari, inaweza kuwa B12, inaweza kuwa vyote. Ni kipimo cha damu, na tiba yake ni sindano au vidonge vyake vya B12, bei ambayo huwezi kuilinganisha na MRI mliyokwisha kulipia. Kupima B12 kulitakiwa kutangulia.

Cha pili ni hiyo amitriptilini. Kwa miguu inayowaka inafanya kazi, sikatai, lakini inazuia asetilikolini, kemikali ambayo seli za kumbukumbu huitumia kupeana ujumbe, na ambayo kwenye Alzheimer tayari imepungua. Donepezili, dawa ya vidonge tunayowapa wagonjwa wa Alzheimer, kazi yake ni kuiongeza kemikali hiyohiyo. Nimeona wazee wanaomeza asubuhi dawa ya kuiongeza na usiku dawa ya kuizuia, kila moja imeandikwa na daktari wake, na hakuna aliyeuliza. Msiikate wenyewe kwa siku moja. Mpelekeni kwa daktari wake wa kisukari mkiwa na vidonge vyote mkononi, mkamuulize dawa mbadala ya miguu. Na kama kuna dawa za mafua au za usingizi anazonunuliwa duka la dawa, zibebeni pia, nyingi zina tabia hiyohiyo.

Pamoja na B12, aombewe kipimo cha tezi ya thairoidi, figo, wingi wa damu, wastani wa sukari wa miezi mitatu, VVU na kaswende. Hivyo viwili vya mwisho msione haya. Kila mzee anayesahau anastahili kupimwa, na vyote viwili vina dawa. Apimwe masikio. Aulizwe kwa upole kama ana huzuni, maana sonona ya uzeeni huvaa sura ya kusahau. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kitakachoirudisha hipokampasi, lakini mtu anayekula hasara kutoka pande tatu, ukiziba mbili unamwona amechangamka, na familia husema "amepona" ingawa hajapona.

Kuhusu shangazi, naomba umwelekeze kwa heshima lakini usimnyamazie. Kanda ya Ziwa bibi wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na mzee anayetangatanga usiku na kusema yasiyoeleweka yumo hatarini kuliko wengine. Leo anasemwa karogwa, kesho anasemwa ndiye mlogaji. Utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta kwamba kati ya watu wa miaka 70 na zaidi, 6 hivi katika kila 100 wana dimenshia, yaani kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri kwa ugonjwa wa ubongo, Alzheimer ikiwemo. Huo ni ugonjwa uliopo kila kijiji. Huko huko Hai kilitengenezwa kipimo kiitwacho IDEA kwa ajili ya wazee wasiojua kusoma wala kuandika. Mzee anakumbushwa maneno kumi aliyotajiwa mwanzoni, anataja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, anaulizwa leo ni siku gani, kisha mpimaji anapanga njiti nne za kiberiti kwa umbo fulani na mzee anatakiwa kulijenga umbo hilohilo. Mtu ambaye hajawahi kushika kalamu maisha yake yote amewahi kushika njiti. Ukimtazama mzee mwenye ugonjwa utaona anaziona njiti zote nne, anazishika vizuri, mikono haitetemeki, lakini umbo halimjii: macho na mikono vipo, mawasiliano yao ndiyo yamekatika. Kwa mama, aliyefundisha maisha yake yote, kipimo hiki kinaweza kuwa chepesi mno. Ombeni kipimo cha kumbukumbu kilicho kirefu zaidi.

Ginkgo ya Muscat iwekeni kando. Mwaka 2008 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani uliohusisha wazee zaidi ya 3,000, nusu wakimeza ginkgo na nusu kidonge kisicho na kitu, kwa miaka kadhaa. Dimenshia iliwapata kwa kiwango kilekile. Mshukuruni binamu, mwambieni safari ijayo atume nauli ya kliniki.

Mtasikia pia kwamba mazoezi hukuza ubongo. Habari hiyo ina ukweli wake: mwaka 2011 Kirk Erickson na wenzake waliwatembeza wazee kwa mwaka mmoja, dakika 40 mara tatu kwa wiki, na hipokampasi zao zikaongezeka kwa asilimia 2 hivi. Lakini wale hawakuwa na dimenshia, kwa hiyo siwezi kukuahidi hivyo kwa mama. Mtembezeni hata hivyo, asubuhi, na mtu wa kumsindikiza. Sukari na presha zitatulia, usingizi utakuwa mzuri. Na mpeni nafasi ya kufundisha. Mkeka, wajukuu wawili, daftari la hesabu za kujumlisha: ile njia ya zamani bado inapitika, na akiwa juu yake hababaiki kama anapoulizwa amekula nini.

Mambo mawili ya haraka. Akibadilika ghafla, kwa saa au siku chache, akaanza kuropoka, kusinzia au kuona vitu visivyokuwepo, hiyo haitokani na kusinyaa. Mara nyingi ni malaria, mkojo mchafu, sukari, kiharusi au dawa. Hospitali siku hiyohiyo. La pili ni hati ya kiwanja, pensheni na namba ya siri ya simu yake. Ongeeni naye sasa, ndugu wote mkiwepo, yeye mwenyewe akiweza bado kusema anataka nani asimamie nini, na mwende kwa mwanasheria iandikwe. Ukipata majibu ya B12 na zile alama za MRI, kulia na kushoto, niandikie tena. Hapo tutazungumza kama donepezili ianze, na kwa kipimo gani.